Vumbi la Songwe na Rangi ya Gari Jeusi

Katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa rasmi mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, nao huanza takribani Novemba na kumalizika Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu, na kadiri ukavu unavyosonga mbele ndivyo vumbi linavyozidi kutanda juu ya mapaa ya nyumba, majani ya kahawa huko Mbozi na magari yanayopita au kuegeshwa kando ya barabara. Mwenye gari jeusi, la bluu iliyokolea au la kijivu cha makaa huliona vumbi hilo mapema kuliko jirani yake mwenye gari la rangi ya fedha, na kwa kuwa huliona mapema, huwa na haraka ya kulifuta. Haraka hiyo ndiyo chanzo cha uharibifu unaojadiliwa katika makala haya. Vumbi lililotua juu ya rangi na kuachwa likiwa kavu, ukiacha aina chache zitakazotajwa baadaye, halina madhara makubwa, ila vumbi hilohilo likisukumwa kwa kitambaa huichuna rangi kwa namna ambayo hakuna sabuni wala maji yatakayoirekebisha.

Kinachoitwa vumbi, hata hivyo, si kitu kimoja. Katika uwanda wa Mbozi, kuanzia Mlowo hadi Vwawa yaliko makao makuu ya mkoa, udongo mwingi ni mwekundu, na wekundu huo hutokana na oksaidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni kama ilivyo katika kutu. Sehemu yake kubwa ni mfinyanzi laini sana, unaopenya kila mwanya wa mlango na kushikamana na rangi mara tu unapopata unyevu, lakini ndani yake mna chembe ngumu za mchanga ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha na zile laini. Upande wa Momba, ambako ardhi hushuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, vumbi huwa na mchanga zaidi na wekundu wake hufifia. Mjini Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, huongezeka masizi ya injini za dizeli za malori yanayovuka kwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unga wa chuma unaochomoka kwenye breki za malori hayo, pamoja na mabaki ya shehena, hasa saruji. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilizinduliwa mwaka 2019 kwa lengo la kupunguza muda wa ukaguzi, lakini barabara kuu itokayo Dar es Salaam bado hufikisha mpakani hapo malori mengi, na gari dogo likiegeshwa kando yake kwa nusu siku hukusanya mchanganyiko wa vitu hivyo vyote kwa pamoja.

Hatari ya mchanganyiko huo hueleweka vizuri zaidi kwa kutumia kipimo cha ugumu kilichobuniwa mwaka 1812 na mtaalamu wa madini wa Ujerumani, Friedrich Mohs, ambacho huyapanga madini kuanzia 1 hadi 10 kwa kanuni kwamba kilicho kigumu hukwaruza kilicho laini. Katika kipimo hicho ukucha wa binadamu hufikia takribani 2.5, kioo cha kawaida takribani 5.5, na kwatsi, yaani yale madini angavu yanayofanya sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, hufikia 7. Almasi iko kileleni. Kimondo cha Mbozi, lile pande kubwa la chuma na nikeli lililoko Ndolezi, lenye uzito unaokadiriwa kuzidi tani 12, kiko chini ya kwatsi katika kipimo hicho, kwa hiyo punje moja ya mchanga iliyookotwa njiani ina ugumu wa kutosha kukiachia alama. Rangi ya gari, ambayo kwa asili yake ni plastiki iliyokaushwa, ni laini mno kuliko kimondo hicho.

Rangi hiyo pia ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Juu ya bati la gari hutangulia praima, ambayo ni tabaka la kushikisha rangi na kuzuia kutu. Hufuata rangi yenyewe. Na juu kabisa hukaa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, na ambalo watengenezaji wengi wa magari walianza kulitumia kwa upana kuanzia miaka ya 1980. Tabaka zote hizo kwa pamoja, kwenye gari ambalo halijawahi kupakwa rangi upya, kwa kawaida huwa na unene wa kati ya maikromita 100 na 150, maikromita moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na klia peke yake huwa na kati ya maikromita 35 na 50, ambayo ni pungufu ya unene wa unywele wa kawaida wa kichwani. Yapo pia magari meusi, hasa ya zamani, yaliyopakwa rangi nzito ya tabaka moja isiyo na klia, na hayo hutambulikana kwa urahisi, kwa sababu kitambaa cheupe chenye polishi kikipitishwa juu yake hutoka na weusi. Kila mkwaruzo, uwe kwenye klia au kwenye rangi ya tabaka moja, hukaa ndani ya unene huo mdogo, na kila unapoondolewa kwa polishi huondoka na sehemu ya unene usiorudi.

Swali la kwa nini gari jeusi huonyesha mikwaruzo zaidi linastahili maelezo ya kina, kwa kuwa jibu lake huathiri namna ya kuosha. Uso usio na mkwaruzo hurudisha mwanga upande mmoja tu, ndiyo maana mtu huona sura yake kwenye mlango wa gari jipya. Mkwaruzo, kwa upande wake, huwa na kingo zinazotawanya mwanga huku na huku. Kwenye gari jeupe, rangi yenyewe hutawanya mwanga mwingi kiasi kwamba ule mchache unaotoka kwenye mkwaruzo humezwa. Kwenye gari jeusi, karibu mwanga wote unaopenya klia hufyonzwa na rangi iliyo chini, hivyo mwanga wa mkwaruzo hung'aa peke yake juu ya giza. Mikwaruzo, kwa maneno mengine, inaweza kuwa sawa kwenye magari yote mawili, ila gari jeusi haliwezi kuificha.

Mikwaruzo hiyo myembamba, inayotokana na kufutwa na kuoshwa vibaya, huonekana kama utando wa buibui uliozunguka taswira ya jua au ya taa. Watu wengi huamini kwamba duara hizo ni ushahidi wa mkono uliozungushwa wakati wa kuosha, na kwa imani hiyo hushauri kwamba kufuta kwa mistari iliyonyooka kunatosha kuiokoa rangi. Imani hiyo ina kasoro. Mikwaruzo hutapakaa kila upande, lakini ile tu iliyokingama na mwelekeo wa mwanga ndiyo inayorudisha mwanga kwenye macho, na mikwaruzo ya namna hiyo, ikiizunguka taswira ya taa, huonekana kama imepangwa kwa duara. Anayetaka kulithibitisha jambo hili anaweza kusimama usiku kwenye kituo cha mafuta chenye taa kali, atazame taswira ya taa juu ya boneti nyeusi, kisha asogee hatua moja pembeni. Duara nazo zitasogea pamoja na taswira hiyo, jambo ambalo lisingewezekana kama zingekuwa zimechorwa mahali pamoja. Kwa hiyo mkono ulionyooka hausaidii kitu ikiwa bado chembe za mchanga ziko kati ya kitambaa na rangi. Kinachosaidia ni kuziondoa chembe hizo kabla kitambaa hakijagusa gari.

Ushahidi mwingine ulio wazi huachwa na watoto, na pengine na watu wazima, wanaoandika majina kwa kidole juu ya gari lenye vumbi. Kidole ni laini na hakiwezi kuichuna klia, lakini kinapopita husukuma mbele yake chembe zilizokuwa zimetulia na kuzikandamiza kwenye rangi, na baada ya gari kuoshwa na kukaushwa, jua la alasiri likiligonga kwa ubavu, herufi bado husomeka, kila moja ikiwa fungu la mistari myembamba iliyokwenda sambamba kwa upana wa ncha ya kidole. Kitambaa kikavu kinachopitishwa kuanzia boneti hadi buti hufanya kazi hiyohiyo, tofauti ikiwa tu kwamba upana wake ni mkubwa na hakuna neno linaloandikwa.

Desturi inayopotosha zaidi katika maeneo ya baridi ya Mbozi na Ileje ni ile ya kufuta gari kwa umande. Asubuhi za Juni na Julai gari lililolala nje huamka limelowa, na mwenye gari huona kwamba maji ameyapata bila gharama, akachukua kitambaa na kulifuta kabla ya kuondoka kwenda kazini. Umande, hata hivyo, ni utando mwembamba usioweza kuzielesha chembe za mchanga. Unachofanya ni kuugeuza mfinyanzi mwekundu kuwa uji mzito unaozishikilia chembe ngumu na kuzibana kati ya kitambaa na rangi. Fundi rangi anapopiga msasa wa maji hutumia kanuni hiyohiyo ya chembe ngumu, unyevu kidogo na mkono unaokandamiza, isipokuwa yeye hufanya hivyo kwa makusudi, kwa msasa aliouchagua, na hupaka klia baadaye.

Brashi za manyoya na za nyuzi za pamba zilizopakwa nta, zinazouzwa na wamachinga kwenye foleni na stendi, hazina budi kuhukumiwa kwa uangalifu. Kwa gari linalolala ndani ya gereji iliyosakafiwa, likapata vumbi jepesi la siku moja, brashi ya namna hiyo ikipitishwa bila kukandamizwa inaweza isilete dhara linaloonekana. Kwa gari lililotoka Kamsamba au Mkwajuni kwa barabara ya vumbi, brashi hiyo haifai hata kidogo, kwa kuwa baada ya mpito wa kwanza manyoya yake hujaa mchanga na kila mpito unaofuata huwa wa kusugua.

Kundi la magari linaloonyesha matatizo haya yote kwa pamoja ni yale yanayojulikana kwa jina la magari ya IT, yaani magari yaliyotumika, mengi kutoka Japani, ambayo hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa kwa barabara hadi Tunduma ili yavuke kwenda nchi jirani. Safari hiyo ina zaidi ya kilomita 900, na gari hufika limefunikwa na vumbi, masizi na wadudu waliokauka. Anayelipokea hutaka kuliona likiwa safi, muda ni mdogo, maji ni ya kununua, na mara nyingi brashi iliyo karibu ni ile ndefu iliyotoka kusugua tela la semi lenye tope. Gari ambalo lilimaliza miaka mingi Japani bila utando wa mikwaruzo huweza kuupata katika nusu saa moja ya mwisho kabla ya kukabidhiwa kwa mwenyewe. Mnunuzi akitaka kuiokoa rangi hana budi kuagiza mapema kwamba gari likabidhiwe na vumbi lake, kisha yeye mwenyewe asimamie uoshaji.

Njia salama ya kuondoa vumbi hufuata kanuni moja, ambayo ni kuhakikisha kwamba sehemu kubwa ya vumbi imeondoka kwa hewa au kwa maji kabla ya kitu chochote kugusa rangi. Pale penye fundi pancha mwenye kompresa, hewa yake yaweza kutangulia, mradi bomba lishikwe kwa mshazari ili hewa ikokote vumbi kuelekea nje badala ya kulichomeka kwenye rangi, na mradi mpulizaji awe amefunika pua na mdomo, kwa kuwa vumbi lenye silika likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Hewa hutoa vizuri vumbi lililo kwenye maungo ya milango, kwenye grili na kwenye mipira ya madirisha, sehemu ambazo baadaye hutiririsha tope kwenye paneli zilizokwisha kusafishwa. Kwa sababu hiyohiyo madirisha ya gari lenye vumbi hayapaswi kushushwa kabla ya kuoshwa, kwani kioo hushuka pamoja na mchanga na kujikwaruza kwenye mpira wake.

Baada ya hewa hufuata maji, na wakati unaofaa ni asubuhi umande ukishakauka, au jioni, gari likiwa kivulini na bati lake likiwa limepoa. Gari jeusi hufyonza joto kuliko jeupe, na maji yanayokauka haraka juu ya bati la moto huacha chumvi za madini zilizokuwa ndani yake, hasa maji ya visima, na kuwa madoa meupe ambayo yakiachwa kwa siku nyingi huila klia. Mashine ya presha ikiwapo, ncha yake ishikwe umbali wa sentimita 30 au zaidi, na isielekezwe kwa karibu kwenye kingo za paneli wala kwenye sehemu iliyowahi kupigwa rangi upya, ambayo huweza kubanduka. Maji yaanzie juu ya paa na kushuka, kwa sababu sehemu za chini, nyuma ya matairi na chini ya milango, ndizo zenye mchanga mzito na ndizo zinazopaswa kuguswa mwisho.

Mashine ya presha haipatikani kila mahali, lakini katika wilaya inayolima kahawa karibu kila kijiji kina bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa, ambalo huchukua takribani lita 15 au 16 za maji. Chombo hicho ni msaada mkubwa kwa mwenye gari, kwa sharti moja lisilo na mjadala kwamba kiwe kipya na kisiwe kimewahi kutiwa dawa ya shambani, kwani viuatilifu ni hatari kwa ngozi na mapafu, na dawa za shaba zinazopigwa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani huacha mabaki ndani ya tangi na kwenye mipira. Bomba jipya hutiwa maji yenye shampuu kidogo ya gari, hunyunyizwa juu ya gari lote, maji huachwa kwa dakika tatu hadi tano bila kukauka ili mfinyanzi ulegee, kisha hunyunyizwa tena kwa maji matupu hadi yanayodondoka chini ya mlango yabadilike kutoka wekundu na kuwa karibu angavu. Badiliko hilo la rangi ya maji ndilo kipimo kizuri kuliko saa. Maji yakiwa bado mekundu, mkono usubiri.

Hapo ndipo kugusa kunaporuhusiwa, na vifaa vya kugusia ndivyo vinavyoamua matokeo. Vipande vya godoro, dodoki na fulana kuukuu za mitumba, ambavyo ndivyo vitendea kazi vya waoshaji wengi, vina kasoro zinazotofautiana: uso bapa wa godoro hauna pa kuficha chembe, hivyo chembe hubaki usoni mwake na kuburutwa, dodoki lenyewe ni gumu, fulana ina mishono na maandishi ya plastiki yanayokwaruza. Kinachofaa ni glavu ya kuoshea au kitambaa cha maikrofaiba, yaani kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki zilizo nyembamba mno kuliko unywele, chenye vinyweleo virefu vinavyoiruhusu chembe kuzama mbali na rangi. Ndoo ziwe mbili, moja ya maji yenye shampuu na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Glavu ichovywe kwenye shampuu, ipitishwe juu ya paneli moja bila kukandamizwa, irudishwe kwenye ndoo ya kusuuzia na kukamuliwa, ndipo ichovywe tena. Anayetumia ndoo moja hurudisha kwenye gari mchanga uleule alioutoa, na ukitaka kuliamini hilo inatosha kutazama chini ya ndoo ya kusuuzia baada ya kazi, ambako mchanga hutulia kwa wingi unaoshangaza. Sehemu za chini na rimu ziwe na kitambaa chake, na kitambaa hicho kisipande juu kamwe.

Kuhusu sabuni, ile ya unga ya kufulia haifai, kwa kuwa punje ambazo hazijayeyuka hukwaruza na ukali wake huondoa nta inayoilinda rangi. Sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani na kuuzwa kwa chupa zilizotumika nayo si salama kwa matumizi ya mara kwa mara, kwani mara nyingi huongezewa chumvi ili iwe nzito, na chumvi si rafiki wa bati. Kupaka dizeli au mafuta ya taa ili gari lipate mng'aro ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu mafuta hayo hunata na kulikusanya vumbi jipya kabla gari halijafika mbali.

Kukausha ni hatua ambayo wengi huipita haraka, ilhali mikwaruzo mingi hupatikana hapo, paneli ikiwa imebakiwa na mchanga uliojificha kwenye maungo. Maji ya mwisho yamwagwe taratibu bila shinikizo ili yateremke kama shuka moja na kuacha matone machache, kisha taulo kubwa la maikrofaiba litandazwe juu ya paneli na kukandamizwa kwa viganja badala ya kusuguliwa. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudishwi kwenye rangi, hata kikipigwapigwa, mpaka kifuliwe. Nacho hufuliwa peke yake, bila kuchanganywa na nguo za pamba, na hakipigwi pasi, kwani joto huyeyusha nyuzi zake na kuzifanya ngumu.

Uhaba wa maji, ambao umewasumbua wakazi wa Tunduma kwa miaka mingi, huifanya njia hii ionekane ya anasa, na hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa sababu si haki gari lioshwe kwa maji ambayo familia inayahitaji kwa kupikia. Gari dogo linaweza kuoshwa kwa njia iliyoelezwa kwa ndoo tatu hadi nne za lita 20, ikiwa bomba la kunyunyizia litatumika badala ya mpira unaomwaga ovyo, na maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati yanafaa kuliko ya kisima kwa kuwa hayana madini ya kuacha madoa. Ipo pia njia ya kuosha kwa maji machache sana, inayotumia shampuu maalumu zenye vilainishi, ambazo huzizunguka chembe za vumbi na kupunguza msuguano, na ambazo hazihitaji kusuuzwa. Vitambaa kadhaa huloweshwa kwenye ndoo moja, kila kimoja hukunjwa mara mbili ili kupata nyuso nane, na kila uso hutumiwa kwa mpito mmoja tu kabla ya kugeuzwa. Njia hiyo inafaa kwa vumbi jepesi la mjini, wala haifai kwa tope au kwa vumbi zito la barabara ya changarawe. Kupeleka gari mtoni si jibu, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito dhidi ya shughuli zinazoweza kuharibu vyanzo vya maji, na mafuta yanayooshwa kwenye gari huishia kwa wanaochota maji chini zaidi.

Aina mbili za vumbi hazivumilii kusubiri. Ya kwanza ni saruji, ambayo ikipata umande huanza kuganda na kutoa ukali wa alikali unaoila klia; gari lililopitwa na lori lenye mifuko iliyopasuka lipulizwe kwa hewa likiwa kavu, kisha limwagiwe maji mengi kwa mara moja, kwani maji machache huikoroga tu saruji. Ya pili ni majivu ya mashamba yanayochomwa kabla ya mvua za kwanza, ambayo husafiri na upepo na kutua yakiwa mepesi, lakini nayo yana alikali na huacha madoa yakilowa na kukaukia juu ya rangi. Mvua ya kwanza ya Novemba haiyaondoi majivu hayo wala vumbi la miezi sita, bali hulibandika. Gari linyunyizwe maji safi siku hiyohiyo, kabla jua halijalikausha.

Kinga hurahisisha kazi yote iliyotajwa. Nta ya gari, ikipakwa juu ya rangi safi kila baada ya miezi miwili au mitatu, huufanya uso uwe mtelezi ili vumbi lisishikamane na maji yateremke nalo. Kinga hiyo ina umuhimu wa pekee Tunduma na Mbozi, ambako mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari huongeza nguvu ya mionzi ya jua inayochosha klia, mionzi hiyo ikizidi kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Turubai la kufunikia gari lina faida likitandikwa juu ya gari lililo safi na mahali pasipo na upepo. Likitandikwa juu ya gari lenye vumbi, upepo hulipeperusha usiku kucha na kulifanya lisugue.

Kwa gari ambalo tayari lina utando wa mikwaruzo, polishi ya mashine inaweza kuupunguza kwa kuikwangua klia hadi usawa wa chini ya mkwaruzo, lakini kazi hiyo hula maikromita kadhaa kila inapofanywa, kwa hiyo haiwezi kurudiwa kila mwaka kama sehemu ya kawaida ya utunzaji. Fundi asiye na kipimo cha unene wa rangi hufanya kazi kwa kubahatisha, na mwenye gari ana haki ya kumuuliza kabla ya kumkabidhi ufunguo.

Linalobaki ni makubaliano kati ya wenye magari na vijana wanaoosha magari kuanzia Mlowo hadi mpakani, ambao hulipwa kwa idadi ya magari na kwa hiyo hawana sababu ya kutumia muda mrefu kwa gari moja. Mwenye gari jeusi anayetaka kazi ya uangalifu na aje na glavu yake, taulo lake na shampuu yake, aombe ndoo ya pili, akatae brashi ya malori kwa lugha ya heshima, na aongeze malipo kwa ajili ya muda anaouomba, kwa kuwa gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kupaka klia upya paneli moja. Na siku ambayo maji hayapatikani na safari haiwezi kuahirishwa, visafishwe vioo, taa na namba za gari kwa maji machache yaliyopo, na rangi iachwe na vumbi lake mpaka maji yapatikane.